Majivuno Yanapopiga Magoti

Ndugu msomaji, majivuno ya tajiri huonekana tangu barabarani, na majivuno ya msomi husikika mara tu afunguapo kinywa chake. Hayo hayatusumbui sana, maana kila mtu ana macho na masikio, na hata watoto huyacheka waziwazi. Lakini yako majivuno ya namna ya tatu ambayo si rahisi kuyacheka. Haya hufunga kula, hukesha, hutoa sadaka, husoma Maandiko kabla ya jua kuchomoza, na huinamisha kichwa kuliko vichwa vyote kanisani. Ni majivuno ya mtu wa Mungu. Yameketi mahali pa heshima kiasi kwamba ye yote anayeyanyoshea kidole huhesabiwa kuwa adui wa dini.

Mimi si adui wa dini. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nimeimba katika kwaya kwa zaidi ya miaka arobaini, na nikijaliwa nitazikwa kwa kengele ya kanisa lile lile. Ninayasema haya kama mtu wa nyumbani asemavyo juu ya paa linalovuja: analijua tundu kwa kuwa analala chini yake.

Nilizaliwa Missenyi, kaskazini ya mto Kagera, katika mkoa ambao wakati wa utoto wangu uliitwa Ziwa Magharibi, na baba yangu alikuwa mlokole. Vijana wa siku hizi hulitumia neno hilo kwa mzaha, wakimaanisha mtu asiyekunywa pombe wala kucheza dansi. Asili yake ni neno la Kiganda lenye maana ya waliookoka, na nyuma yake kuna historia ambayo yatupasa kuitaja kwa haki kabla ya kulaumu lo lote.

Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe mjini Kampala, walikutana watu wawili ambao kila mmoja alikuwa amechoka rohoni. Mmoja alikuwa Simeoni Nsibambi, Mganda wa ukoo wenye heshima. Wa pili alikuwa Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, nchini Rwanda. Walisoma Biblia pamoja, wakaomba pamoja. Katika miaka ya 1930 mwamko mkubwa ulianza Gahini, ambako Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, alikuwa mwalimu hadi kifo chake mwezi Januari 1936. Kutoka huko moto ulienea Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya, na wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza ukawa kama salamu ya watu wale, hata kwa wasiojua neno jingine la lugha hiyo.

Kiini cha mwamko ule kilikuwa unyenyekevu. Mtu alisimama mbele ya wenzake akataja dhambi yake kwa jina. Vitu vilivyoibwa vilirudishwa kwa wenyewe. Mume alimwomba mkewe radhi mbele ya watu, jambo ambalo babu zetu wangeliona ni maajabu. Wapo pia wamisionari Wazungu waliosimama mbele ya Waafrika na kuungama dharau yao. Ndugu msomaji, ukikumbuka kwamba siku zile Mwafrika aliingilia mlango wa nyuma katika nyumba nyingi za Wazungu, utaona kwamba jambo hilo halikuwa dogo. Mimi hulihesabu kuwa miongoni mwa mambo mazuri yaliyopata kutokea katika nchi zetu chini ya utawala wa kikoloni.

Lakini mbegu ya magugu ilikuwa shambani mapema. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kwa sababu hawakukubali kuacha mikutano yao ya alfajiri na mahubiri yao. Wako wanaoisimulia habari hiyo kama mateso ya watakatifu, na wako wanaoisimulia kama utovu wa nidhamu. Nijuavyo mimi, pande zote mbili zilikuwa na haki kidogo na kiburi kingi. Vijana waliona walimu wao wamelala usingizi wa dhambi. Walimu nao waliona vijana hawana adabu mbele ya cheo. Hakuna aliyedhani kwamba huenda Mungu anasema naye kwa kinywa cha mwenzake.

Baadaye ngazi iliongezwa vidato. Ilikuwa haitoshi kuamini. Uliulizwa umeokoka lini, na ilikupasa uwe na siku na mwezi. Ilikuwa haitoshi kuwa na siku. Ilikupasa uwe na ushuhuda, tena uwe mpya. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1970, walitokea nchini Uganda ndugu walioitwa waliozinduka, waliosema kwamba hata waliookoka wenyewe wamesinzia, wakakaza masharti juu ya mavazi na juu ya kukopa fedha. Watu waliokuwa wamekula sahani moja kwa miaka mingi wakaanza kuketi mbalimbali. Yaani, alipotokea wa kuwaita wengine wenye dhambi, alitokea wa kumwita yeye aliyelala, na ngazi ile haina mwisho, kwa kuwa daima yuko mtu wa kutazamwa kutoka juu.

Sasa niseme habari ya nyumbani kwetu, maana historia ya makanisa hupita mbali, lakini majivuno ya kiroho hukaa jikoni.

Baba alikuwa na wake wawili. Mama yangu alikuwa wa pili. Mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru, nikiwa na umri wa miaka mitano, baba aliokoka. Ilikuwa badiliko la kweli. Sitaki mtu adhani nalibeza. Aliacha pombe. Alimaliza kesi ya mpaka wa shamba aliyokuwa ameipigania miaka saba, akamwachia jirani yake migomba iliyogombewa. Na kwa kuwa wazee wa ushirika walimfundisha kwamba mtu aliyeokoka hana budi kuwa na mke mmoja, alimwacha mama. Mama alihamishiwa kibanda cha nyasi upande wa chini wa kibanja, pale maji ya mvua yanapokusanyika, pamoja nasi watoto wake watatu. Hakurudishwa kwao, kwa ajili yetu. Hakuwa mke, hakuwa mjane, na hakuwa mgeni.

Tangu mwaka ule baba alikuwa na ushuhuda wenye sehemu tatu: pombe, kesi, na sisi. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi ndugu walikutana kutoka vijiji vya jirani, na takribani kila mara alisimama na kueleza jinsi Bwana alivyompa nguvu ya kuitupa nje dhambi ya nyumba ya pili. Watu waliitikia, wimbo ukapanda, wengine wakalia kwa furaha. Mimi nilikuwa miongoni mwa watoto tulioketi mkekani mbele. Nilijua kwamba dhambi ile ilikuwa na jina, ilikuwa na gauni la buluu, na asubuhi ile ilikuwa imenichana nywele.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na nadhani naweza kusema lini majivuno yaliingia. Hayakuwapo siku ya kwanza. Siku ya kwanza baba alitetemeka, na sauti yake ilikatika. Mama mwenyewe, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alikiri hivyo. Yaliingia polepole, kadiri maneno yalivyozoeleka. Baada ya mwaka mmoja au miwili baba alijua mahali pa kunyamaza kidogo ili watu waitikie. Alijua neno la kuwaliza kina mama. Kuungama kwake, ambako kulianza kama kuvuliwa nguo mbele ya watu, sasa kulikuwa ndilo vazi lake la sikukuu. Naye mama, ambaye aliingia kanisani kila Jumamosi kufagia na kupanga maua, hakukaribishwa katika ushirika, kwa sababu alipoulizwa habari za wokovu wake alijibu tu kwamba anamwamini Yesu tangu utoto. Jibu hilo halikuwa na tarehe.

Mmonaki John Cassian, aliyeishi mwishoni mwa karne ya nne na mwanzoni mwa karne ya tano, na aliyejifunza kwa wazee wa jangwa la Misri, aliufananisha ugonjwa wa kutaka sifa na kitunguu: ukiambua ganda moja unakuta jingine. Ukiacha mavazi mazuri unajisifu kwa matambara. Ukikimbia watu unajisifu kwa upweke. Ukinyamaza unajisifu kwa ukimya wako. Uovu mwingine, alisema, hushindwa mtu akipata wema, lakini huu hula wema wenyewe kama chakula chake. Wazee wale hawakuwa na redio wala barabara, lakini walikuwa wameijua mioyo kama mkulima ajuavyo udongo wake. Tena yafaa tukumbuke kwamba elimu hiyo ilichimbwa Afrika, si Ulaya, ingawa mara nyingi tunafundishwa kama kwamba imetufikia kwa meli.

Alikuwapo katika ushirika ule bibi kizee mmoja, mjane, msukaji wa mikeka. Hakuwa msemaji. Siku moja, nikiwa na umri wa miaka tisa au kumi, baba alipomaliza ushuhuda wake na kabla wimbo haujaanza, bibi yule alisimama akasema, "Ndugu yetu, tunamsifu Bwana kwa wokovu wako. Paa la yule mama limekwisha zibwa?"

Hakusema zaidi. Nakumbuka ukimya uliofuata kuliko ninavyokumbuka mahubiri yo yote niliyopata kusikia. Baba hakukasirika; watu kama yeye hawakasiriki mbele ya watu. Alijibu kwa upole kwamba mambo ya mwili ameyaacha nyuma na hawezi kuyatazama tena. Wimbo ukaanzishwa. Mvua ya masika ilipokuja tuliweka sufuria chini ya tundu kama kawaida. Na yule bibi, kwa miezi mingi baadaye, kila alipoinuka kutaka kusema, kiongozi aliangalia upande mwingine. Ndugu wengine walifanya maombi maalumu ili aondolewe roho ya kushitaki.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo ninapoliona jambo lenyewe. Watu hupima unyenyekevu kwa maneno mtu anayosema juu yake mwenyewe: mimi si kitu, mimi ni mavumbi, mimi ni mwenye dhambi kuliko wote. Kipimo hicho ni cha bure. Mtu aweza kujiita mavumbi mwaka mzima, lakini mwingine akimwambia kwamba ana vumbi usoni, wanakosana. Baba aliweza kutaja dhambi zake kumi bila kuona haya, kwa kuwa alizichagua mwenyewe. Ile ya kumi na moja, aliyotajiwa na mwanamke asiye na cheo, hakuisikia. Nikitaka kumjua mnyenyekevu siku hizi sisikilizi anavyosali. Natazama ni nani nyumbani mwake anayeruhusiwa kumuuliza swali.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka. Wale waliokuwa watu wazima wakati ule hawahitaji kusimuliwa. Tulikimbilia kusini, tukavuka daraja la Kyaka kabla halijavunjwa, kila mmoja na mzigo wake: baba na Biblia yake na mkoba wa hati, mama mkubwa akitembea kwa fimbo, na mama akiwa na sufuria, chumvi na kisu. Tulipewa hifadhi katika darasa la shule pamoja na jamaa nyingine nne. Usiku walevi na walokole walilala ukuta mmoja, na asubuhi walipanga mstari mmoja wa unga. Hakuna aliyejua kwamba baba alikuwa kiongozi wa ushirika. Kwa mwandishi wa majina alikuwa mzee mmoja na watu wanane.

Mama alipika. Ndiye aliyekuwa na sufuria. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba baba alikula chakula cha mkono wake, kwa kuwa hapakuwa na kingine. Miguu ya mama mkubwa ilikuwa imevimba kwa safari, na kila jioni mama aliikanda kwa maji ya moto yenye chumvi, akiwa amepiga magoti juu ya sakafu ya saruji, bila kusema neno la dini. Baba aliketi karibu na dirisha akitazama. Sijui aliwaza nini. Najua tu kwamba wiki ya pili aliacha kusoma kwa sauti.

Tuliporudi mwaka 1979 tulikuta nyumba tupu, mifugo imekwenda, na migomba imefunikwa na majani. Siku chache baadaye baba alishuka mpaka kwenye kibanda cha mama na kukaa huko mchana mzima. Hapakuwa na shahidi. Mama hakupata kutuambia alichosema, nasi hatukuuliza. Lakini bati za kwanza alizopata baada ya vita hakuziweka juu ya nyumba yake. Alimwita fundi, akaziweka juu ya nyumba ya mama, na yeye mwenyewe akashika ngazi.

Hawakurudi kuwa mume na mke. Mambo mengine yakishakatika huunganishwa kwa fundo, na fundo huonekana. Ila tangu siku ile baba hakusimama tena kutoa ule ushuhuda. Ndugu walingoja mwezi wa kwanza, wakangoja wa pili. Wakaanza kusema amepoa. Ujumbe wa wazee watatu ulikuja nyumbani kumwombea ili arudishiwe furaha ya wokovu wake. Aliwashukuru, akawasindikiza hadi njia kuu. Kwa hesabu ya ushirika baba alikuwa amerudi nyuma. Mama aliposikia habari hizo alicheka kidogo na kusema, "Sasa anasikia."

Nimewaza kama nilinganishe habari hii ndogo na ile ya Askofu Festo Kivengere, aliyepata kuwa mwalimu Dodoma miaka ya 1940 na baadaye akawa askofu wa Kigezi. Mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, Kivengere alilazimika kuikimbia Uganda. Alikuwa na kila sababu ya kujiona mteswa na kumwona Amin kuwa mwovu, na katika hayo mawili hakuna uongo. Lakini akiwa katika ibada ya Ijumaa Kuu mjini London aliona kwamba chuki iliyo moyoni mwake ni mzigo wake mwenyewe, si wa Amin, akaungama. Mlokole wa kweli alikuwa ndiye huyo: hata alipokuwa na haki, hakuifanya haki yake kuwa kiti cha kukalia.

Siku hizi mikutano ni mikubwa zaidi, vipaza sauti vimeongezeka, na vyeo navyo vimeongezeka. Zamani mtu alikuwa ndugu. Leo ni mtume, nabii, au mama wa kiroho. Sitakawia hapo, maana ni rahisi kuwacheka wenye magari, na nimekwisha sema kwamba majivuno ya namna hiyo hayatusumbui sana. Yanayonisumbua ni ya nyumbani. Mke anarudi kutoka mkesha na kumwangalia mumewe aliyelala kama mtu anayeangalia kuni za jehanamu. Baba anamwita mwanawe mpagani kwa sababu ya kukata nywele. Binti hali kwa shangazi yake kwa kuwa shangazi hajaokoka, ingawa shangazi huyo ndiye aliyemlipia ada. Na wote hawa huomba kwa machozi.

Kuna hila nyingine ambayo sipendi kuiacha. Mara nyingi tunawahubiria unyenyekevu watu ambao tayari wako chini: mtumishi wa nyumbani, mke anayepigwa, mjane anayedai shamba. Tunawaambia wanyamaze kama Kristo. Lakini katika Injili ya Yohana aliyefunga kitambaa kiunoni na kuosha miguu ni yule walioketi wakimwita Bwana na Mwalimu. Hakumwamuru mdogo kuliko wote aoshe. Unyenyekevu anaoamriwa mnyonge na mwenye nguvu una jina jingine, na jina hilo mnalijua.

Mama alifariki miaka saba baada ya baba, na wote wawili wamelala katika kibanja kimoja, yeye chini na baba juu, kama walivyoishi. Miaka michache iliyopita ushirika wa vijiji vyetu ulifanya kumbukumbu ya waasisi wake, nami nikaombwa nisome habari za baba kwa dakika kumi. Niliandika yote: pombe, kesi, kibanda, swali la bibi kizee, sufuria, na bati. Kijana msimamizi wa ratiba, mtu mpole mwenye suti nzuri, aliisoma kabla ya ibada, akaniomba kwa heshima niishie mwaka 1961, kwa kuwa muda ni mfupi na wageni wanahitaji kujengwa. Nilimwambia kwamba muda ukiwa mfupi nitaanzia mwaka 1979. Alifikiri kidogo, akatazama saa yake, akaniongezea dakika tano.